Nina siku tano baada ya Canton Fair (maonyesho ya biashara ya Guangzhou), niko peke yangu: Yangshuo au Hutiaoxia?

Bint_Ngamiani
Habari zenu wadau. Mzigo wangu unafungwa Ijumaa, ndege ya kurudi Dar ni Alhamisi inayofuata asubuhi. Hii ni safari yangu ya nne Guangzhou na sijawahi kuona chochote zaidi ya maghala na lifti za hoteli. Safari hii nataka milima. Niko peke yangu, Kichina changu kinaishia kwenye bei, navaa hijabu na nguruwe sili. Nimebakiza sehemu mbili: Yangshuo kule Guangxi, au lile korongo la Hutiaoxia, Yunnan. Mliofika nipeni ukweli, picha nimeshaziona za kutosha.

Fundi_Kamba
Yangshuo, dada. Treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini ni kama saa mbili na nusu. Ila jihadhari: stesheni inaitwa Yangshuo lakini iko upande wa Xingping, mjini unapanda basi tena.

Mimi nilifuata miamba. Vile vilima vya chokaa vimechomoza kwenye mashamba kama vichuguu, na vina njia za kupandia zaidi ya 1,000. Sasa hapo ndipo "peke yangu" yako inapogoma. Ukiwa juu, lazima chini awepo mtu wa kukushikia kamba. Nilifika sina mwenza, siku ya kwanza nikaishia kukaa kwenye jiwe nikitazama watu wakipanda. Siku ya pili nikalipia mwalimu. Akanifunga mkanda wa kiunoni, akalivuta fundo mara mbili, akanyoosha kidole gumba. Nilipofika katikati goti la kushoto likaanza kutetemeka kivyake, kama nimeliazima. Nilipoangalia chini, yule bwana anatafuna karanga, lakini mkono wa kulia haujaiachia kamba hata kidogo.

Mzee_wa_Mizigo
Mwanangu, viza yako ni ya kuingia mara ngapi? Kama ni mara moja, usijichanganye ukaenda kuzurura Hong Kong, ukitoka umetoka. Yangshuo na Yunnan ni humo humo ndani, hakuna neno. Pasipoti usimwachie wakala, bila hiyo hupandi treni wala hupewi chumba. Na unganisha kadi yako na Alipay ukiwa bado mjini, ijaribu hata kwa chupa ya maji. Huko vijijini bibi anauza machungwa kwa kuskani.

Msomi_Kunming
Mimi ni Mkenya, nasoma Yunnan. Kama nia ni kuwa peke yako mlimani, Yangshuo haifui dafu. Hutiaoxia unatembea mwenyewe, hakuna kamba wala mwalimu. Unaanzia Qiaotou, unapanda ile sehemu ya kona 28 hadi zaidi ya mita 2,600, unalala kwenye nyumba za wageni za Wanaxi, kabila la huko, zilizo njiani, kesho yake unashuka. Chini kabisa ni mto Jinsha, ambao ndio Yangtze yenyewe sehemu za juu, unanguruma mpaka unausikia ukiwa kitandani. Ng'ambo unatazamana na mlima wa theluji wa mita 5,596. Kilimanjaro ni mrefu zaidi, sawa, lakini huu umesimama mbele ya dirisha lako.

Kwenye zile kona kuna wenye nyumbu wa kupanda, wale chotara wa punda na farasi. Hawakusemeshi. Wanakufuata taratibu na kengele zao, wakisubiri uchoke. Mimi nilijikaza mpaka kona ya kumi na kitu, nikatoa pesa.

Bint_Ngamiani
Nimecheka. Na chakula je?

Msomi_Kunming
Yunnan ina Waislamu wengi, Wahui. Tafuta maandishi 清真, yanasomeka "qingzhen", ndiyo halali. Mjini Lijiang, unakopitia kwenda korongoni, utapata. Kule njiani ndiko kwenye kazi: utaomba mayai na nyanya, nao wanaweza kuyakaangia mafuta ya nguruwe. Andika kwenye simu kwa Kichina kwamba hata mafuta hutaki, uwaonyeshe kabla sufuria haijapanda jikoni.

Kobe_Mwendokasi
Kwa nini msimpeleke Zhangjiajie? Daraja la vioo, lifti ya mita 326 imebandikwa kwenye jabali. Milima bila jasho.

Fundi_Kamba
Kobe, dada kasema kachoka na lifti.

Shangazi_Safarini
Nimefika kote kuwili, nikiwa peke yangu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Kwa upande wa kusumbuliwa na watu, sikuona tatizo. Watakupiga picha, utasikia "Feizhou", yaani Afrika, basi. Mimi nilikuwa nawaomba na wao wapige pozi. Hatari ya Hutiaoxia ni mvua: Julai na Agosti mawe yanaporomoka, usikanyage. Saa hizi mwisho wa Oktoba kote kuzuri.

Tatizo lako, mwanangu, ni hesabu. Lijiang kwa treni unapitia Kunming, siku nzima inaliwa, na kurudi vilevile. Ukipanda ndege, pawabenki isiyo na 3C, alama ya usalama ya China, inabaki uwanjani, sheria hiyo ni ya Juni 2025. Yangu ilibaki. Kwa siku tano, mbili ziko barabarani na mbili kwenye korongo. Ukiumwa tumbo siku moja, akiba yote imekwisha.

Yangshuo utakodi baiskeli, ufuate mto Yulong kupita mashamba, ukichoka ukae. Chelezo cha mianzi kina viti viwili na unalipia chelezo chote, hivyo hapo upweke una gharama; mimi nilimwita binti wa Kifaransa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, tukagawana. Na ukifika Xingping toa noti ya yuan 20 uigeuze nyuma: vile vilima viko mbele yako.

Mzee_wa_Mizigo
Noti hizo nazihesabu tangu sijaota mvi na sijawahi kuzigeuza.

Bint_Ngamiani
Shangazi umemaliza. Tiketi nimekata, Jumamosi saa mbili asubuhi. Hutiaoxia nitaenda siku nikija bila mzigo. Fundi, nitalipia mwalimu nusu siku. Hijabu inaingia chini ya kofia ngumu?

Fundi_Kamba
Inaingia, vaa ile ya kuvuta isiyo na pini. Na kata kucha. Hina bakisha.