Mrejesho: Chatu wangu amemaliza kujivua gamba

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu chatu wangu mdogo, wale wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira. Gamba lilitoka vipande vipande, vingine vikagandia mgongoni, mkiani na kwenye jicho la kushoto.

Kwanza asanteni sana mlionikataza kulibandua, maana nilikuwa nimeshaanza kulivuta. Nilinunua kipima unyevu nikakuta asilimia 35 tu! Huku Minnesota majira ya baridi hita inawaka usiku kucha, hewa inakauka kabisa, na yeye anahitaji angalau 60. Nikachukua boksi la plastiki lenye kifuniko, nikalitoboa matundu, nikatandika taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, nikamweka humo nusu saa huku nimekaa pembeni. Alipotoka nikamwacha apite taratibu katikati ya viganja vyangu, nimeshika kitambaa chenye maji. Gamba la mgongoni likabaki kitambaani, jepesi kama ganda la kitunguu. Mkiani ndiko kulikonitia hofu, kwa sababu pete ya gamba kavu ikikaza pale damu haipiti na ncha inaweza kufa. Nilirudia siku tatu mpaka ikaachia.

Jicho sikuligusa, kama mlivyosema. Nikapandisha unyevu, nikasubiri.

Jumapili amejivua tena: gamba zima, kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Nililitandaza mezani, nikaangalia kichwani kwa tochi. Vigamba vya macho vimo vyote, na cha kushoto kimetoka kikiwa viwili, cha zamani juu ya kipya.