Mrejesho: kutu ya behewa langu dogo ni ya kiwandani

Salamu kutoka Changamwe, ndugu zangu. Niliwauliza kama kutu ya kuigiza kwenye behewa langu la mfano la mizigo, la kipimo cha 1:87 (yaani dogo mara 87 kuliko behewa halisi), ilipakwa kiwandani au ni mkono wa aliyeniuzia. Mkaniambia nitazame kwa lenzi herufi zilizo ubavuni mwake.

Nimetazama. Kingo ni kali, rangi imejaa bila vitone. Basi herufi zimepigwa kiwandani, kwa ule muhuri laini wa silikoni unaookota wino kwenye bamba lililochongwa na kuubandika ubavuni, rangi moja moja. Kutu imekaa juu ya herufi, lakini hilo pekee halikunitosha. Nikaazima la rafiki yangu wa Kisauni, toleo lilelile. Michirizi chini ya mlango inalingana mpaka pembeni! Mkono wa mtu haurudii hivyo.

Ila magurudumu wameyaacha meusi yanang'aa, na hilo linaniuma. Nitayapaka unga wa chaki ya kahawia, nikiacha safi ule ukanda unaokanyaga reli, maana hata kwenye mabehewa makubwa sehemu hiyo husuguliwa ikameta.

Asanteni sana, hasa aliyenikataza kulisugua kwa spiriti.