Mtoto wa Ngomeni kaambiwa roketi hairushwi baharini! Majaji hawa wametolewa wapi?

Wadau, salaam. Hasira hizi ninazo tangu Ijumaa, leo nazimwaga hapa. Mtanivumilia.

Kulikuwa na mashindano ya uchoraji ya vijana, mada ni mustakabali wa safari za anga za mbali. Waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua. Mpwa wangu ana miaka 12, yuko gredi ya sita, kwao Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Huyo ukimwachia mkaa hata ukuta wa choo hausalimiki. Baba yake mvuvi, na msimu huu bahari imekuwa mbaya, kwa hiyo karatasi na rangi za maji nilinunua mimi mjomba wake. Ada ya usajili mimi, na bahasha kwenda Nairobi kwa basi pia mimi. Akachora wiki tatu nzima.

Alichora jukwaa la chuma limesimama baharini kwa miguu yake, roketi inapaa juu yake. Mbali kidogo mashua zimetia nanga zinangoja, na mzee mmoja kakinga jua kwa kiganja akitazama juu. Nikamuuliza, mwanangu, mashua za nini tena? Akanijibu, "Mjomba, hao wakirudi kutoka Mirihi watakula nini?"

Sasa someni majibu ya majaji: kazi ni safi ila haihusiani na mada, roketi hurushwa kutoka nchi kavu, na mshiriki ajitahidi kuangalia mbele badala ya kuchora uvuvi.

Nchi kavu!

Hilo jukwaa mtoto hakuliota, analiona. Linaitwa San Marco, Waitaliano ndio waliolisimamisha, na miguu yake ipo majini hadi leo mbele ya kijiji chao. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilikuwa zinarushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, pale pale ilipaa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Wamarekani wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili, kwa heshima ya siku hiyo. Uchunguzi wake ndio uliosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei huko angani, ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauchomoki. Babu yake huyu mtoto husimulia walivyokuwa wakiambiwa wasitoke na mashua siku ya kurusha. Kwa hiyo yule mzee kwenye mchoro ana mwenyewe.

Na wala si mambo ya kale tu. Uchina walirusha roketi kutoka chomboni baharini mwaka 2019. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Sisi mashariki yetu ni bahari tupu, kikidondoka kitu hakimwangukii mtu. Ndiyo sababu watu walisafiri kutoka Ulaya kuja kutafuta mahali petu. Setilaiti yetu Taifa-1, Aprili 2023, ilipelekwa California kurushwa, halafu mtoto anayechora roketi zikirudi kupaa nyumbani anaambiwa haangalii mbele. Mbele ni wapi, jamani?

Aliyeshinda kundi lake la umri, picha yake nimeiona. Mwanaanga kashika bendera, uso unang'aa kama sahani ya udongo, na glavu ya kushoto ina vidole sita. Nimehesabu mara mbili, nikamwita na jirani ahesabu. Sisemi kitu juu ya mtoto wa watu, huenda hata yeye kachorewa na wakubwa. Lakini jaji aliyekosa kuona kidole cha sita ndiye aliyeona uvuvi ni kosa?

Wenzetu mtoto wanamsikiliza. Mwaka 2009 NASA walitangaza jina la gari lao la kwenda Mirihi, Curiosity, na aliyelitoa kwa insha yake ni Clara Ma, msichana wa miaka 12 wa Kansas. Umri ule ule wa mpwa wangu.

Kisha kuna fomu. Kwa maandishi madogo ya chini kabisa imeandikwa kwamba kazi zote zitakuwa mali ya waandaaji na hazitarudishwa. Hapo kosa ni langu, nilitia sahihi bila kusoma. Lakini kama kazi haihusiani na mada yenu, mnaishikilia ya nini? Nimepiga simu mara nne, kila mara naambiwa mhusika katoka kidogo.

Mtoto hajalia. Ameniuliza tu kama majaji wamewahi kufika Ngomeni.

Aliye Nairobi na anayewajua hawa watu anitumie ujumbe wa faragha, Jumatatu napanda basi kuufuata mchoro mwenyewe. Mchoro una doa la chai kona ya chini kulia. Doa hilo ni langu.