Dovecot imekataa kuwaka
Wadau, niko Kondele hapa Kisumu, nawekea shule moja seva ya imeili, Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) iko sawa lakini Dovecot 2.4 (ile ya kuwafungulia watu visanduku vyao vya barua) inagoma, inalalamikia mail_location (mpangilio wa mahali barua zinahifadhiwa) na mimi nimefuata maelezo neno kwa neno, usiku wa pili huu sijalala. Nisaidieni tafadhali.

Jibu, Nakuru:
Pole ndugu yangu. Hayo ni maelezo ya toleo la zamani, 2.3. Kwa 2.4 mail_location ilitolewa, weka mail_driver (aina ya hifadhi) na mail_path (folda ya barua), na mstari wa kwanza kabisa kwenye faili ya mipangilio uwe dovecot_config_version (namba ya toleo la mipangilio). Usikopi faili ya zamani, inauma sana hiyo.

Jibu, Kakamega:
Pia cheki poti 25 (mlango wa kupeleka barua kwa seva zingine), kampuni nyingi za kukodisha seva huifunga, barua zinakwama kwa foleni.

Aliyeuliza:
Imewaka! Asanteni sana, sasa naangalia hiyo poti.