Grinikadi na kapu la eneo lako: uliyewahi kucheza, namba yako ilikufikisha wapi? Tupeane uzoefu

Nyamagana (mtoa mada):
Habari za jioni wakuu. Matokeo ya DV-2025, ile bahati nasibu ya viza ya kuhamia Marekani, yametoka tarehe 4 Mei 2024 na tangu siku hiyo simu yangu haipumui. Huyu kachaguliwa, yule kakosa, mwingine anauliza mbona nchi fulani inapata wengi kuliko sisi. Nimeona tukae hapa kila mtu asimulie yaliyomkuta, hasa kuhusu kile kisanduku cha nchi uliyozaliwa, maana wengi tunakijaza haraka tukiwaza picha. Mimi kilinifundisha kwa uchungu, basi naanza.

Mei 2019 nilifungua matokeo nikiwa kazini Mwanza, nikakuta barua ya kuchaguliwa. Namba ya kesi ilianza na 2020AF. Nilipiga simu nyumbani, mama akachinja jogoo. Hakuna aliyenieleza kwamba sijapata viza, nimepata nafasi kwenye foleni. Viza zenyewe kisheria ni 55,000 kwa mwaka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zinakatwa hadi 5,000 kwa ajili ya mpango wa wahamiaji wa Amerika ya Kati. Mwaka wangu walichagua karibu watu 84,000 pamoja na familia zao, kutoka kwenye maombi zaidi ya milioni 14. Wanachagua wengi kwa sababu wanajua wengine wataishia njiani. Ile AF ni Afrika, na foleni yako ni ya Afrika peke yake. Wa Ulaya wana EU yao, wa Asia AS yao. Kila mwezi hutoka taarifa ya viza inayosema kila eneo limefikia namba ngapi. Ukiwa chini ya hiyo namba unaitwa, ukiwa juu yake unasubiri. Yote lazima yaishe tarehe 30 Septemba ya mwaka uliotajwa kwenye namba yako, mwaka wao wa fedha ukifungwa. Siku hiyo ikipita, namba yako haina kazi tena.

Namba yangu ilikuwa ya juu, kwa hiyo nikasubiri. Tarehe 31 Januari 2020 Rais Trump akatoa tangazo: kuanzia 21 Februari, Watanzania na Wasudani wanazuiwa kuingia kwa viza hii ya bahati nasibu. Kwa nchi zetu mbili ni hii tu ndiyo iliyotajwa. Dada mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa anamfuata mumewe, tangazo lile halikumhusu kabisa. Rais Biden alilifuta siku ya kwanza ofisini, 20 Januari 2021, lakini mwaka wangu ulikuwa umeshafungwa tangu Septemba. Nilikuwa nimeshaaga kazini, wakuu. Nilirudi kuomba kibarua kwa mtu niliyemuaga kwa keki.

Karibuni.

Mtoto wa Malindi, Unguja:
Assalaam alaykum. Pole sana kaka Nyamagana, hilo la kuaga kazini nimelisoma mara mbili.

Mimi na dada yangu ni tumbo moja, baba mmoja, chakula kimoja. Yeye kazaliwa Mnazi Mmoja hapa Unguja, mimi nimezaliwa Muscat, wakati wazee wamekwenda kule kuishi na jamaa zetu. Tukarudi mimi ningali mdogo. Nimesoma hapa, nimekulia hapa, pasipoti yangu ni ya Tanzania. Tulicheza pamoja mwaka mmoja, sote wawili tukachaguliwa. Nyumbani ikawa furaha isiyo kifani.

Namba yake ilikuwa ya AF, elfu ishirini na kitu. Yangu AS, elfu kumi na kitu. Mimi nikajiona niko mbele! Nikawa namwambia, "Dada, nitatangulia nikutafutie nyumba." Miezi ikaenda, namba za Afrika zikawa zinapanda kwa maelfu, za Asia zikawa zinatambaa. Dada akaitwa kwenye mahojiano mwezi wa Mei. Mimi hadi Septemba inakwisha sikuwa nimefikiwa. Yeye yuko Ohio, mimi niko hapa na duka langu la vitambaa.

Hawakutazama pasipoti wala kabila, walitazama pahala mama alipojifungulia. Sikulalama, ni riziki, lakini natamani mtu anieleze kwa nini Asia yenye watu wote wale ipewe kidogo kuliko sisi.

Nyamagana:
Kaka yangu, swali lako nililitafutia jibu kwa miezi baada ya kukwama, naomba nilieleze taratibu.

Dunia imegawanywa maeneo sita: Afrika, Asia, Ulaya, Oceania, Amerika Kaskazini, na lile la Amerika Kusini pamoja na Amerika ya Kati, Mexico na Karibi. Kila mwaka wanahesabu wahamiaji walioingia Marekani kwa njia ya familia na ya ajira ndani ya miaka 5. Eneo lililotoa zaidi ya sehemu moja ya sita ya wahamiaji wote linaitwa eneo la wengi, mengine ni ya wachache. Asia na lile la Amerika Kusini ni ya wengi. Afrika ni ya wachache.

Halafu wanageuza mizani. Tuseme maeneo ya wengi yalitoa asilimia 80 ya wahamiaji. Basi ile asilimia 80 ya viza za bahati nasibu wanapewa maeneo ya wachache, na ya wengi yanabaki na 20. Ndani ya kila kundi wanagawana kwa idadi ya watu. Lakini kabla ya kuhesabu watu wanaziondoa nchi zilizotoa zaidi ya wahamiaji 50,000 kwa miaka hiyo 5. Sasa angalia Asia: toa China, India, Pakistan, Bangladesh, Ufilipino, Vietnam, Korea Kusini. Wamebaki wangapi? Hao waliobaki ndio wanaohesabiwa, nawe uliyezaliwa Oman uko nao, mnagombania fungu dogo pamoja na Nepal na Iran ambako watu wanaomba kwa wingi sana. Dada yako yuko kwenye kapu kubwa.

Kuna eneo limebaki na nchi moja. Amerika Kaskazini ni Kanada na Bahamas tu, na Kanada imefungiwa, kwa hiyo kapu zima ni la Bahamas.

Mama Ebuka, Nakuru > Dallas:
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, mume wangu ni Mnigeria, tulikutana Nairobi kwa kazi na tukafunga ndoa 2015. Ninyi mnaongea juu ya foleni, yeye hata mlangoni hakuruhusiwa kufika. Nigeria ilifungiwa kuanzia DV-2015 kwa hiyo sheria ya watu 50,000. Alikuwa amecheza karibu kila mwaka tangu amalize chuo, halafu nchi yake ikatolewa. Iliuma, kwa sababu yeye hana ndugu hata mmoja Amerika. Waliokwenda ni watu wengine, yeye akalipia.

Kilichotusaidia ni sheria ambayo watu wengi hawaijui: unaweza kutumia nchi ya kuzaliwa ya mke au mume wako. Kila mmoja wetu akajaza fomu yake, na hiyo inaruhusiwa kabisa, mradi kila mtu awe na ombi moja. Mimi nikajaza Kenya yangu. Yeye pia akajaza Kenya, kwa sababu mimi ni mkewe. Mwaka wa tatu ikachaguliwa fomu yake! Mnigeria akachaguliwa kwa kapu la Kenya.

Mahojiano Nairobi yalikuwa marefu. Afisa alitaka kujua kila kitu kuhusu ndoa: nani alikuja harusini, tulikuwa tunaishi wapi, tulipanga na nani, mahari ililetwaje. Tulibeba picha hadi za ruracio, ile sherehe ya mahari. Siwalaumu, kwa sababu kuna watu huoana baada tu ya kuona matokeo. Mkitumia njia hii lazima wote wawili mpewe viza na muingie Amerika pamoja. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba kwenye ndege, nikaambiwa nibaki nijifungue, nikakataa. Kama ningebaki, yeye peke yake hangeingia kwa nchi ambayo si yake.

Kijana_Kaloleni:
Samahani naingilia. Mimi baba alikuwa anasoma Ibadan, nikazaliwa huko, tukarudi Arusha nina mwaka mmoja. Kila mwaka naambiwa "wewe Nigeria, usihangaike." Ni kweli?

Mama Ebuka:
Si kweli mdogo wangu! Kama hakuna mzazi wako aliyezaliwa Nigeria, wala hawakuwa wakaazi wa huko ulipozaliwa, unaweza kutumia nchi ya kuzaliwa ya mmoja wao. Mwanafunzi kwa kawaida anahesabiwa ni mgeni wa muda. Tafuta barua za chuo cha baba na cheti chake cha kuzaliwa sasa hivi, usingoje uchaguliwe.

Kijana_Kaloleni:
Mungu akubariki dada. Nimepoteza miaka sita.

Asha wa Kanyenye:
Mimi yangu ni fupi. Nilijaziwa fomu na kijana wa stesheneri hapa Tabora. Ile namba ya uthibitisho akabaki nayo yeye, na barua pepe aliweka yake. Mei alinipigia akaniambia nimechaguliwa, nimpe milioni mbili ndipo anipe namba. Sikuwa nazo. Hadi leo sijui kama kweli nilichaguliwa. Kuomba ilikuwa bure jamani, bure kabisa. Jazeni wenyewe, na ile namba muiandike hata nyuma ya mlango.

Mzee wa Minneapolis:
Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mimi nilipata zamani, miaka ya 1990, kabla ya haya ya intaneti. Maombi ya kwenye kompyuta yalianza na DV-2005. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye karatasi, tunabandika picha, tunatia bahasha na kupeleka posta, anwani ikiwa Portsmouth, New Hampshire. Bahasha ikifika mapema inatupwa, ikichelewa inatupwa. Nilikuwa mwalimu Moshi, nikapiga hesabu ya siku za ndege kama mtu anayepanga kupanda mahindi kabla ya masika.

Nataka mjue jambo hili lilianza kwa nani, maana wengi mnadhani lilitungwa kwa ajili yetu. Halikutungwa kwa ajili yetu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 iliweka mbele ndugu wa karibu na wenye ajira, na watu wa Ulaya ambao ndugu zao walihamia vizazi vingi nyuma wakajikuta hawana wa kuwaita. Waayalandi walijaa Boston na New York bila karatasi, na wabunge wao wakapiga kelele. Sheria ya 1990 ikaweka kwanza mpango wa muda wa 1992 hadi 1994, na humo asilimia 40 ya viza zilitengwa kwa Ayalandi peke yake. Huu wa maeneo sita ndio uliofuata, kuanzia 1995. Hata leo, ndani ya sheria hiyo, Ayalandi ya Kaskazini inahesabiwa kama nchi ya peke yake, mbali na Uingereza.

Miaka yetu Ulaya ndiyo ilikuwa na fungu kubwa kuliko yote, zaidi ya 23,000, sisi Afrika tukifuata na zaidi ya 20,000. Kanuni inapigwa upya kila mwaka, watu wa Afrika wakaongezeka, na sasa kapu letu ndilo kubwa. Nilipofika hapa nilikuwa nikikutana na Mswahili mwenzangu mara moja kwa mwezi. Leo kanisani kwetu kuna ibada nzima kwa Kiswahili, na wengi waliokaa viti vya mbele ni watu wa bahati nasibu na watoto wao.

Lakini kuweni macho na hili: kapu likiwa kubwa haina maana nchi yako italimaliza. Hakuna nchi inayoruhusiwa kuzidi asilimia 7, yaani 3,850 ikiwa viza ni 55,000. Ndiyo maana kwenye taarifa ya kila mwezi mwaka huu wa 2024 mnaona Misri, Aljeria na Moroko zimewekewa namba zao pembeni. Watu wao ni wengi mno kwenye foleni ya Afrika, wanazuiwa kidogo ili wengine wapite.

Mutoto ya Kadutu:
Bakubwa, nawasalimia toka Bukavu. Muzee, asante kwa historia.

Mimi kapu halikuniangusha, pasipoti ndiyo iliniangusha. Mwaka 2019 waliweka sheria: bila namba ya pasipoti hai huwezi hata kujaza fomu. Kwetu wakati ule pasipoti ilikuwa dola 185. Mimi ni fundi wa umeme, nina watoto wanne. Nitoe dola 185 kwa ajili ya kujaribu tu? Nikaacha 2019, nikaacha 2020, nikaacha 2021. Wale waliokuwa nayo ndio walicheza, na wengi ni wa Kinshasa na wenye kazi za serikali au mashirika. Mahakama ya Marekani iliondoa ile sheria Februari 2022, na mwezi wa kumi mwaka ule nikacheza bila pasipoti. Nikachaguliwa! DV-2024, 2024AF.

Ndipo nikatafuta pasipoti kwa nguvu zote, ya kila mtu nyumbani. Nimeuza kiwanja cha Panzi. Mahojiano ni Kinshasa, na toka hapa hakuna barabara ya kufika Kinshasa, ni ndege. Watu sita, kwenda na kurudi, na kukaa kule siku za vipimo. Halafu kila mtu dola 330 ubalozini, hata mtoto wa miaka miwili, na hairudishwi ukikataliwa.

Kila mwezi nafungua ile taarifa. Mwezi huu Afrika imesogea, namba yangu sasa iko ndani, lakini barua ya mahojiano haijakuja. Imebaki miezi minne kabla ya tarehe 30 ya mwezi wa tisa. Mke wangu ameshafunga vyombo kwenye maboksi mara mbili, na mara mbili amevifungua ili tupike.

Kama kuna mwenzangu wa DV-2024 ambaye mahojiano yake ni Kinshasa, namba yako ni elfu ngapi na barua ilifika lini?