Naomba ushauri: je, filamu ya The Cell inafaa kwa wanafunzi?

Ndugu zangu, ninaandaa mjadala kwa wanafunzi wa saikolojia wa mwaka wa kwanza, na nimependelea The Cell ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Tarsem Singh, ambamo Jennifer Lopez ni mwanasaikolojia anayeingia katika akili ya muuaji aliyepoteza fahamu ili agundue alikomficha mwanamke ambaye bado yu hai. Kinachonigusa sana ni kwamba humo ndani anamkuta pia mtoto aliyeteswa na baba yake, yaani muuaji huyo alipokuwa mdogo, na huruma ya mtazamaji inagawanyika. Hata hivyo, baadhi ya picha, hasa ile ya farasi anayekatwa vipande, ni kali mno. Je, niionyeshe yote, au nichague sehemu chache na kuwatahadharisha mapema? Mliofundisha kwa filamu za namna hii, wanafunzi wenu walizipokeaje?