Naomba ushauri: aisii ya vatiko (chipu inayotanua picha juu hadi chini) ya TV ya chogo, hapa Mwanza naipata wapi?

Heshima kwenu wakuu. Nina TV ya chogo inchi 21, mali ya mzee, na habari za flati hataki kuzisikia (mwenye wazo hilo ampelekee mwenyewe). Picha imekuwa mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo. Sauti safi, king'amuzi hakina tatizo.

Flaibaki (transfoma inayokipa kioo umeme mkubwa) naona ni nzima, maana ingekufa hata huo mstari usingeonekana. Nimechomelea upya miguu ya aisii ya vatiko, nikabadili kapasita za jirani zilizokauka, bado. Moto (umeme) unafika kwenye aisii. Iliyobaki kushukiwa ni aisii yenyewe, LA7840.

Kuipata sasa ndiyo kazi. Maduka ya mjini kati yamejaa vioo vya simu. Kuna sehemu walinisukumia LA78040 wakisema "ni ileile tu". Kweli zote zina miguu saba, ila mpangilio wa miguu ni tofauti kabisa, ukiichomeka hivyo hivyo unaiunguza. Kwingine nikauziwa ambayo maandishi yake yanafutika kwa kidole. Hiyo hata sikuifunga.

Kuna anayemjua fundi wa Kirumba, Igoma au Buzuruga mwenye mizoga ya TV za zamani? Ya kung'oa kwenye bodi kuukuu naiamini kuliko mpya feki. Ikishindikana niagize Kariakoo ije na basi, lakini kwa duka gani linalouza orijino, na bei isiyo ya kukomoana ni shilingi ngapi?